Darasa la Rangi na Jinsia Kanisani: Tuliyojifunza kwa Kulifundisha

Darasa la kanisa kuhusu ubaguzi wa rangi na nafasi ya mwanamke huharibika ndani ya dakika kumi za kwanza, na sababu huwa ni ileile: mtu ametaja jina la nadharia kabla jambo lenyewe halijaelezwa. Zikishatamkwa zile herufi tatu, CRT, yaani nadharia ya uhakiki wa rangi, nusu ya waliokaa wanakumbuka video waliyoiona kwenye simu, nusu nyingine wanamkumbuka msimamizi wao kazini, na Biblia zilizo mapajani hazifunguliwi tena. Neno "feministi", yaani mtetezi wa usawa wa wanawake, nalo hufanya kazi hiyohiyo. Kwa hiyo anayetaka kufundisha somo hili tunamwambia kwanza: majina hayo mawili yasisikike darasani mpaka wiki ya pili.

Tunazungumzia hasa makanisa ya wasemao Kiswahili yaliyoko Marekani, ya Wakongo, Warundi, Wanyarwanda, Wakenya na Watanzania. Mengi huabudu Jumapili alasiri ndani ya jengo la kanisa la Wamarekani, na mwenye jengo mara nyingi ni Mbaptisti wa Kusini, yaani wa ule umoja mkubwa wa makanisa ya Kibaptisti ya Marekani. Ugomvi wa mwenye nyumba humfikia mpangaji. Wakati mwingine kanisa linatakiwa likubali ungamo la imani la mwenye jengo, na ndani yake kuna kifungu kuhusu wanawake ambacho wazee waliotia sahihi hawakukisoma kwa utulivu, kwa kuwa kiko kwa Kiingereza kizito na funguo za ukumbi zilikuwa zinahitajika Jumapili ileile.

Panga wiki 6, dakika 90 kila wiki, watu 10 hadi 14. Wakizidi hapo, wanne watazungumza kwa niaba ya wote, na watatu kati ya hao wanne watakuwa wanaume wenye umri. Viti viwe mduara, ubao uwepo, na kila mtu awe na Biblia ya Kiswahili ya karatasi. Simu zina Biblia pia, lakini simu ikifunguliwa hufungua na ile video.

Wiki ya kwanza ni Matendo 6:1-7, basi. Kanisa la Yerusalemu lilikuwa na kundi moja la imani na lugha mbili: Waebrania, na Wayahudi wa Kiyunani. Manung'uniko yalikuwa kwamba wajane wa Wayunani "walisahauliwa katika huduma ya kila siku". Chora ubaoni visanduku vinne. Juu andika wanaume, wajane. Pembeni andika Waebrania, Wayunani. Kisha uliza swali moja tu: nani amekosa chakula? Wajane Waebrania wanakula. Wanaume Wayunani hawajalalamikia sahani yao wenyewe. Njaa iko katika kisanduku kimoja kati ya vinne.

Hapo wape muda. Mtume angeulizwa, "Je, mnawabagua wajane?" angeweza kujibu kwa dhamiri safi kwamba hapana, maana wajane Waebrania wanalishwa. Angeulizwa, "Je, mnawabagua Wayunani?" angeweza kusema hapana, wanaume wao wamo katika ushirika na hawajadai chochote. Majibu yote mawili ni ya kweli, na mjane bado ana njaa. Anayekiona hiki kisanduku kwa macho yake wiki ya kwanza, mengine yote yaliyobaki atayaelewa, hata kama hatakubaliana nayo.

Makosa mawili hutokea hapa. La kwanza ni mwalimu kukimbilia mstari wa 3 na kugeuza somo kuwa mahubiri ya sifa za shemasi. La pili ni kutafuta mkosaji: nani aliwanyima? Luka hasemi. Neno alilotumia ni kusahauliwa, na ndiyo maana andiko hili lina nguvu, kwa sababu linaonyesha watu wenye Roho Mtakatifu wakiendesha utaratibu unaomwacha mtu bila mtu yeyote kumchukia. Dawa nayo isisahauliwe. Mitume hawakuwakemea wanung'unikao kwamba wanaleta mgawanyiko. Waliita mkutano, mkutano ukachagua watu 7, na majina yote 7, kuanzia Stefano hadi Nikolao mwongofu wa Antiokia, ni ya Kiyunani. Jina la Kiyunani si ushahidi kamili, maana Filipo na Andrea miongoni mwa wale kumi na wawili walikuwa nayo pia. Lakini saba kwa saba ni vigumu kuita bahati. Kundi lililosahauliwa lilikabidhiwa meza.

Wiki ya pili ndipo nadharia inapoingia, na iingie kwa kesi. Wanawake weusi watano wa St. Louis, Missouri, waliishtaki General Motors, na hukumu ilitoka 1976. Kampuni haikuwa ikiajiri wanawake weusi kabla ya 1964. Uchumi ulipoyumba miaka ya 1970, ilipunguza watu kwa kanuni ya aliyeingia mwisho kutoka kwanza, na wanawake weusi wote walioajiriwa baada ya 1970 wakaondoka. Kanuni hiyo haimtaji mtu rangi wala jinsia. Mahakama ilisema kampuni imeajiri wanawake; ndiyo, weupe, wa kazi za ofisini. Kuhusu rangi, mlango uliobaki ulikuwa kuungana na kesi nyingine ya wafanyakazi weusi. Kuyaunganisha madai mawili kuwa moja, wakakataliwa. Rudi ubaoni, futa Waebrania na Wayunani, andika weupe na weusi, na kisanduku ni kilekile.

Mwaka 1989 mwanasheria Kimberlé Crenshaw aliitumia kesi hii kueleza kile ambacho kwa Kiswahili tunakiita, kwa mfano wake mwenyewe, njia panda: anayesimama katikati ya njia panda anaweza kugongwa na gari la upande wowote, au na magari ya pande zote mara moja. Mwaka huohuo wasomi wa sheria walikutana Madison, Wisconsin, na jina la nadharia likashika. Nyuma yao alikuwepo Derrick Bell, aliyekuwa ameendesha kesi za kuunganisha shule za weusi na weupe. Swali lililomsumbua linaeleweka kwa yeyote: hukumu ya kukataza shule kutenganishwa kwa rangi ilitoka 1954, sheria za haki za raia zikapita 1964, 1965 na 1968, mbona pengo limebaki?

Majibu yao, kwa ufupi unaotosha darasa la kanisa, ni haya. Rangi kama daraja la watu imetengenezwa na watu. Ubaguzi hukaa ndani ya kanuni za kawaida, hauhitaji mtu mwenye chuki. Weusi husogezwa mbele pale faida yao inapokutana na faida ya weupe, hoja ambayo Bell aliiandika 1980. Na sauti ya aliyeumia ni ushahidi. Anayeyapinga haya ayapinge yalivyo. Tumeona wahubiri wakiichoma nadharia ambayo hakuna mwandishi wake aliyewahi kuiandika, na vijana waliosoma chuo wakaacha kuwasikiliza hata walipokuja kwenye msalaba.

Sasa msimamo wa Wakristo wenyewe. Hapa tunashauri kulichukua kanisa moja na kulifuata kwa miaka, kuliko kurusha majina ya kila upande. Wabaptisti wa Kusini wanafaa, kwa kuwa ndio wenye jengo, na kwa kuwa wamisionari wao wamekuwa Kenya na Tanganyika tangu miaka ya 1950. Umoja wao ulizaliwa Augusta, Georgia, 1845, baada ya Wabaptisti wa kaskazini kukataa kuwateua wenye watumwa kuwa wamisionari. Mwaka 1995, baada ya miaka 150, waliomba radhi hadharani kwa utumwa na ubaguzi. Mwaka 2012 walimchagua Fred Luter wa New Orleans, rais wao wa kwanza mweusi. Mwaka 2019, mjini Birmingham, Alabama, mkutano mkuu ulipitisha azimio namba 9: nadharia ya rangi na ile ya njia panda zinaweza kutumika kama vifaa vya uchambuzi tu, chini ya Maandiko. Novemba 2020 wakuu wa seminari zao 6 wakatamka kwamba kuikubali nadharia hiyo hakupatani na ungamo lao la imani. Mwezi uliofuata wachungaji weusi wanaojulikana, akiwemo Charlie Dates wa Chicago na Ralph West wa Houston, walitangaza kuondoka. Mwaka 2021 likapitishwa azimio jipya kuhusu utoshelevu wa Maandiko katika suala la rangi, lisilotaja nadharia kwa jina.

Eleza tofauti ya hati tatu, la sivyo wasikilizaji watabeba habari iliyopinda. Azimio ni maoni ya wajumbe wa mwaka huo na halilifungi kanisa la mahali. Ungamo la imani, ambalo matoleo yake ni ya 1925, 1963 na 2000, ndilo kipimo cha ushirika. Katiba hubadilishwa kwa theluthi mbili za kura katika mikutano mikuu miwili mfululizo. Mtu akisema "Wabaptisti wameikataa CRT" au "wameikubali", muulize: kwa hati ipi?

Kuna pingamizi za Kikristo ambazo si za siasa, na tunawaomba walimu wazipe uzito wake. Ezekieli 18:20 inasema mwana hatauchukua uovu wa baba yake. Mtu hahukumiwi kwa kundi alilozaliwa. Nadharia inaeleza jeraha vizuri lakini haina mahali pa toba inayofika mwisho wala msamaha unaofunga deni. Na ushahidi wa aliyeumia, ingawa lazima usikilizwe, hauwezi kuwa juu ya Neno. Voddie Baucham, mhubiri mweusi wa Marekani aliyefundisha miaka kadhaa Lusaka, Zambia, alisimama upande huu kwa nguvu, na haifai kumwita kibaraka.

Lakini soma Ezekieli 18 pamoja na Nehemia 1:6, anapoungama, "mimi na nyumba ya baba yangu tumefanya dhambi", na 2 Samweli 21, njaa ya miaka 3 iliyokuja kwa sababu ya damu aliyoimwaga Sauli, na Daudi, ambaye hakuimwaga, akalazimika kuwauliza Wagibeoni afanye nini. Hatia ya nafsi hairithiwi. Wajibu wa kutengeneza kilichoharibiwa na kiti unachokikalia, huo hurithiwa. Na Isaya 10:1, "Ole wao wawekao amri zisizo za haki", haisemi juu ya moyo wa mtu mmoja. Inasema juu ya karatasi. Kwa maoni yetu mtu anayesoma Biblia nzima hahitaji nadharia ili ajue kwamba sheria inaweza kutenda dhambi, ila nadharia humsaidia kuiona sheria ipi.

Karatasi moja ya namna hiyo ipeleke darasani. Miaka ya 1930 shirika la serikali la mikopo ya nyumba, HOLC, lilichora ramani za zaidi ya miji 200 ya Marekani kwa rangi nne: kijani, buluu, njano, nyekundu. Nyekundu ni mtaa wa hatari kwa mkopo, na mtaa wa weusi uliwekwa nyekundu. Chuo Kikuu cha Richmond, Virginia, kimeziweka ramani hizo wazi mtandaoni pamoja na maelezo waliyoyaandika wakaguzi. Kama mko Louisville, Indianapolis au Dallas, chapisha ramani ya mji wenu, karatasi kubwa, na waombe washirika waweke kidole mahali wanapopanga nyumba leo. Mara nyingi kidole huangukia nyekundu au njano, na hakuna maelezo yanayofundisha kama kidole hicho. Hapa mwalimu awe mwangalifu asidanganye kwa kurahisisha: ramani yenyewe haikuwa ndiyo iliyozuia kila mkopo. Idara ya nyumba ya FHA, iliyoanzishwa 1934, ilikuwa na kanuni zake za bima ya mikopo zilizowatenga weusi, na wauzaji walikuwa na mikataba ya kukataza mtaa usiuziwe mweusi, ambayo mahakama hazikuruhusiwa tena kuitekeleza tangu 1948. Katazo la wazi la ubaguzi wa nyumba lilikuja 1968.

Kuna neno ambalo litasemwa wiki ya tatu, na mwalimu asishtuke: "Sisi si kama wale Wamarekani weusi." Linasemwa na watu wema. Limetoka kwa mwajiri aliyewaambia kwamba Waafrika ni wachapakazi, na limetoka pia kwenye kiburi. Usimtie aibu aliyesema. Mpe tarehe mbili. Mwaka 1965, mwaka mmoja baada ya sheria ya haki za raia, Bunge la Marekani lilivunja mgao wa uhamiaji uliokuwa ukiwapa Waafrika nafasi chache mno. Mwaka 1980 ikapita sheria ya wakimbizi. Mlango wa kwanza ulifunguka wakati weusi wa Alabama na Mississippi walikuwa wakipigwa barabarani wakidai kura.

Wanyarwanda na Warundi huielewa haraka hoja kwamba rangi na daraja la watu vinaweza kutengenezwa ofisini. Miaka ya 1930 Wabelgiji waliandika Mhutu, Mtutsi au Mtwa kwenye kitambulisho cha kila Mnyarwanda, wakiongozwa na nadharia ya Wahamu, iliyodai kwamba Watutsi ni jamii bora iliyotoka nje, na iliyokuwa imeazima jina la Hamu kutoka Mwanzo. Somo la Mwanzo 9:25 hapa ni la dakika tano na linatosha: aliyelaaniwa ni Kanaani, Hamu hakulaaniwa, na hakuna rangi katika sura hiyo. Onyo moja tu, na tunalisisitiza: usimwambie yeyote ataje kabila lake darasani, wala usimwombe mtu asimulie yaliyompata. Ndani ya chumba hicho wamo waliopoteza watu kwa ajili ya neno moja kwenye kadi.

Wiki ya nne na ya tano ni za mwanamke na mwanamume, na huko mambo hubadilika. Wale waliosikiliza kwa makini habari za ramani hukunja mikono. Ndiyo sehemu ngumu kuliko zote, na lugha yetu wenyewe ndiyo njia nzuri ya kuingilia.

Mwanzo 2:18 kwa Kiswahili: "nitamfanyia msaidizi wa kufanana naye". Uliza, msaidizi ni nani? Watakwambia: msaidizi wa nyumbani, karani msaidizi, dereva na msaidizi wake. Neno la Kiebrania, ezer, hutumika mara nyingi kwa Mungu mwenyewe. Ndilo lililo katika Zaburi 121, "msaada wangu u katika BWANA", na katika jina Eliezeri. Kwa hiyo neno halimshushi mtu. Lakini usilipe kazi isiyo yake: halitaji nani ataongoza nyumba. Wanaoshikilia uongozi wa mwanamume hujenga hoja yao juu ya Adamu kuumbwa kwanza na juu ya 1 Timotheo 2:13, hawaijengi juu ya neno msaidizi, na ni haki kusema hivyo. Kwa vyovyote, askofu msaidizi hakuna anayemtuma akafue.

Kisha Efeso 5. Andika ubaoni mistari miwili, wa 21 juu ya wa 22. "Hali mnanyenyekeana katika kicho cha Kristo." "Enyi wake, watiini waume zenu kama kumtii Bwana wetu." Piga mstari chini ya kunyenyekeana na chini ya kutii. Kwa Kiswahili ni vitenzi viwili vyenye uzito tofauti: kunyenyekea ni tabia, kutii ni amri, kama mtoto au askari. Kwa Kiyunani ni kitenzi kimoja. Tena katika nakala za kale zaidi mstari wa 22 hauna kitenzi kabisa. Umekiazima cha mstari wa 21. Anayesoma Kiswahili tu hawezi kujua kwamba wito wa mke umening'inia kwenye wito wa wote. Sasa futa yale maneno mawili, andika kunyenyekea kotekote, na msome kwa sauti hadi mstari wa 33. Hesabuni pamoja: mistari 3 inamsemesha mke, 8 inamsemesha mume, na wa mwisho wote wawili. Wito wa mke haufutiki, kwa kuwa mstari wa 24 unaurudia. Kinachobadilika ni sauti ya kuusoma.

1 Timotheo 2:12, "wala kumtawala mwanamume", ipe dakika 40 na usitegemee mwafaka. Kitenzi cha Kiyunani pale, authentein, hakipo mahali pengine popote katika Agano Jipya. Wengine husema maana yake ni kuwa na mamlaka, wengine kunyang'anya mamlaka au kugandamiza. Kila upande una wasomi wanaomwogopa Mungu. Weka kando yake Priskila aliyemweleza Apolo njia ya Bwana pamoja na mumewe, Fibi "mhudumu wa kanisa" la Kenkrea, na Yunia wa Warumi 16:7. Mwenye kushikilia msimamo wowote lazima aeleze maandiko yote haya, siyo lile analolipenda.

Msimamo wa majukumu tofauti uliandikwa rasmi na kundi lililokutana Danvers, Massachusetts, Desemba 1987. Msimamo wa usawa wa huduma una tamko lake la 1989. Wabaptisti wa Kusini waliongeza kifungu cha familia katika ungamo lao 1998, kinachosema mume na mke wana thamani sawa mbele za Mungu na mke ajitiishe kwa hiari njema chini ya uongozi wa utumishi wa mumewe; nukuu nusu zote mbili au usinukuu. Mwaka 2000 wakaandika kwamba ofisi ya mchungaji ni ya wanaume. Saddleback, kanisa kubwa la California lililokuwa limewawekea mikono wanawake watatu 2021, lilitolewa ushirikani 2023. Mwaka 2024, Indianapolis, pendekezo la kulifunga jambo hilo ndani ya katiba lilipata asilimia 61, likakosa theluthi mbili.

Mtu akidai kwamba Afrika nzima iko upande mmoja, mkumbushe kwa upole. Kanisa la Presbiteri la Afrika Mashariki lilimbariki Nyambura Njoroge kuwa mchungaji 1982. KKKT, Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, ilianza kuwabariki wanawake kuwa wachungaji 1991. Kanisa Anglikana la Kenya lilimweka Emily Onyango kuwa askofu msaidizi wa Bondo 2021. Na katika makanisa mengi ya kipentekoste neno "mama mchungaji" lina maana mbili, mke wa mchungaji au mchungaji mwanamke, na kuna makanisa yanayoishi ndani ya utata huo miaka 20 bila kuuliza. Ulizeni.

Utaratibu wa wiki hizi mbili ni tofauti. Wanawake hawatasema ukweli mbele ya waume zao na wazee wa waume zao, na kuwabembeleza ni kuwatesa. Watenge kwa dakika 25, wanaume chumba kimoja na wanawake kingine. Kila kundi liandike mambo matatu kwenye karatasi bila majina. Kisha karatasi ya wanawake isomwe na mwanamke aliyekubalika, mama mtu mzima, na ya wanaume isomwe na mwanamume. Wasomaji wasiulizwe nani alisema nini.

Kwenye karatasi ya wanaume litatokea jambo ambalo ndilo linalofunga mada zote mbili. Mwanamume aliyekuwa mwalimu au mfanyabiashara Bukavu sasa anapanga maboksi usiku, anaitwa kwa kidole na kijana wa miaka 22, na mkewe ameajiriwa kabla yake, pengine kwa mshahara mkubwa zaidi. Rangi imemshusha nje. Anataka kichwa kirudi mahali pake ndani. Uchungu huo ni wa kweli na anastahili kusikilizwa. Lakini deni la msimamizi wa ghala halilipwi na mke. Petro anamwonya mume amheshimu mkewe "kusudi kuomba kwenu kusizuiliwe", na hilo ni neno zito kwa mtu anayefunga na kuomba apate kazi nzuri.

Jiandae pia kwa hili: somo la utii likifundishwa vizuri, ndani ya siku chache mwanamke atakuja kusema anapigwa. Kabla ya wiki ya nne, mchungaji na mama wawili walioaminiwa wawe wameshakubaliana nini kitafanyika. Asirudishwe nyumbani "akaombe". Asipatanishwe mbele ya aliyempiga. Laini ya taifa ya ukatili wa majumbani, 1-800-799-7233, hupokea simu saa 24 na ina wakalimani. Ataje tu "Swahili". Kama kuna mtoto anayeumizwa, katika majimbo mengi mchungaji analazimika kisheria kutoa taarifa.

Kosa kubwa kuliko yote katika darasa hili ni mizani miwili, na tumeliona pande zote. Kuna kanisa la weupe linalosema tazama moyo wa mtu, achana na mifumo, likiulizwa kuhusu rangi. Likiulizwa kuhusu jinsia linaandika vifungu. Na kuna kanisa letu, linaloiona mifumo vizuri sana kwenye ramani ya mji, halafu likiambiwa litazame orodha ya wazee wake linajibu kwamba hapa kwetu tunapendana tu. Jibu la Matendo 6 kwa wote wawili ni kuhesabu sahani.

Kwa hiyo wiki ya sita haina mjadala, ina karatasi. Leta katiba ya kanisa na msome vifungu vitatu: nani anaweza kuwa mzee, nani anatia sahihi hundi, nani anaamua msaada wa wahitaji. Kama kanisa linashikilia kwamba mzee ni mwanamume, kifungu cha kwanza kitabaki, na ni haki yake. Vya pili na vya tatu havina andiko lolote linalomzuia mwanamke, na mara nyingi ndivyo vinavyoamua nani anakula. Kisha leta orodha ya msaada wa miezi 12 iliyopita, kodi ya nyumba, mazishi, gari lililoharibika, bila majina, safu nne tu: lugha ya nyumbani, mwanamume au mwanamke, ameolewa au ni mjane au yuko peke yake, kiasi cha dola. Jumlisheni ubaoni ndani ya vile visanduku vinne.

Orodha hii ndiyo hukasirisha watu, na anayekasirika kwanza ni mtunza hazina, kwa kuwa anadhani anashtakiwa wizi. Mpelekee nakala nyumbani wiki mbili kabla, kaa naye, mwonyeshe Luka alivyotumia neno kusahauliwa. Mwombe yeye mwenyewe ndiye azisome zile hesabu siku hiyo. Kisanduku kikionekana kitupu, msipige kura jioni hiyo ya kumlaumu mtu. Teueni watu watatu kutoka kundi la kisanduku hicho, wajane wakiwa wajane, Warundi wakiwa Warundi, wapewe bajeti ya robo mwaka inayofuata na ufunguo wa kabati la hundi.